Tundu kubwa la ndege: la boksi au la fundi?

Ukiulizia tundu kubwa katika maduka ya vifaa vya wanyama ya Dar es Salaam au Nairobi, utaoneshwa karibu kila mara lilelile: chuma cheusi au cheupe kilichopigwa poda koti (rangi ya unga inayookwa), upana wa sentimita 80 hivi, kina 50, kimo 160, limelazwa ndani ya boksi bapa pamoja na mfuko wa skrubu. Mbadala wake yuko kwa fundi wa kuchomelea, anayetumia mabomba ya pembe nne na wavu wa nusu inchi. Hayo mawili ndiyo tunayoyapima hapa, kwa ajili ya baji, yaani wale kasuku wadogo wa Australia, na cherero, ambao sokoni wengi huwaita lavubadi. Matundu ya mviringo tumeyaacha nje kabisa. Nyaya zake hukutana juu na kubana kadiri zinavyopanda, na hapo ndipo ukucha au kidole cha ndege hunasa.

Tuanze na la boksi. Ile 160 ya kimo isikuhadae, kwa kuwa ndani yake wamehesabu stendi, rafu ya chini na magurudumu. Ukitoa hayo, ndege anabakiwa na kimo cha sentimita 90 hivi. Hata hizo 90 si kipimo cha kufurahia sana: ndege huruka kwenda mbele, hapandi wima kama helikopta. Kipimo kinachomhusu ni urefu kutoka ubavu hadi ubavu, yaani ule upana, na hapa ni 80 tu. Baji akipiga mbawa mara mbili tatu amefika ukutani. Kwa baji wawili wanaofunguliwa chumbani kila siku panatosha. Kwa wanne panabana, hata kama picha ya kwenye boksi inaonesha wanane wakiwa na raha zao.

Kabla ya kulipa, toa rula. Nafasi kati ya waya na waya isizidi milimita 13 kwa baji na cherero. Kuna matundu yanayofanana kabisa kwa nje lakini nafasi zake ni 19 au 25, yametengenezwa kwa ndege wakubwa, na muuzaji huenda hajui tofauti. Baji hupitisha kichwa kwenye nafasi ya 19 bila shida. Kukirudisha ndiko kunakomshinda, hasa akishtuka usiku. Pima pia pembeni mwa milango na chini karibu na trei, maana huko ndiko paneli huachana. Unene wa waya wa milimita 2 unatosha kwa ndege hawa. Kwa kasuku wa kijivu hautoshi, huyo anahitaji milimita 3 au zaidi na tundu kubwa kuliko hili. Isitoshe, kasuku wa kijivu yumo katika Orodha ya Kwanza ya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, na nchini Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Shughulikia karatasi kwanza, tundu baadaye.

Kulifunga si kazi ngumu, ila watu wengi huikosea kwa haraka. Tandaza paneli zote sakafuni, tenga skrubu kwa urefu wake, kisha anza na stendi na sakafu, paneli ya nyuma, za ubavuni, ya mbele, na paa mwisho. Usikaze skrubu yoyote hadi mwisho kabla zote hazijaingia. Acha kila moja ikicheza nusu mzunguko. Ukikaza mapema, paneli ya mwisho itagoma, utaisukuma kwa nguvu, na rangi itabanduka kwenye kona. Zote zikishaingia, pima kutoka kona hadi kona kwa kukatiza mbele ya tundu, kisha kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, tundu limenyooka. Visipolingana, sukuma kidogo kona za kipimo kilicho kirefu, ndipo ukaze. Tundu lililopinda ndilo ambalo milango yake haifungi na trei yake inakwama.

Udhaifu wa tundu hili uko kwenye vitu vidogo. Vile vimilango vya vikombe vinavyopanda na kushuka havina kizuizi. Cherero hujifunza kuviinua kwa mdomo, na kikimshukia shingoni akiwa katikati, ni balaa. Kila kimoja kitie klipu ya chuma cha pua. Pini za nguo za plastiki zitatafunwa. Vijiti vya kutulia vinavyokuja nalo ni laini, vya unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mguu hukandamizwa mahali palepale mchana na usiku hadi nyayo zinavimba na kutoka vidonda. Vitoe. Usivivike msasa pia, ingawa maduka huuza msasa huo kwa madai ya kupunguza kucha. Unachubua nyayo kabla haujagusa kucha. Magurudumu nayo ni ya sakafu ya vigae. Kwenye saruji yenye mashimo hupinda, na tundu zima huegemea upande.

Kwa fundi mambo ni tofauti: umbo ni lako, na makosa pia ni yako. Tunachopendekeza ni urefu wa sentimita 120, kina 60 na kimo 120, juu ya miguu ya 38. Kina usizidishe 60 bila kupima mlango wa nyumba yako. Kwa vipimo hivyo, mabomba matatu ya robo tatu ya inchi yenye mita 6 kamili yanatosha fremu, ukiyakata kwa mpangilio. La kwanza litoe nguzo tatu za 158 na mwamba mmoja (chuma cha kulala) wa 120. La pili litoe nguzo ya nne, miamba mitatu ya 120 na mmoja wa 60. La tatu litoe miamba mitatu ya 60 iliyobaki, fremu ya mlango mkubwa wa 60 kwa 40, nguzo ya kuubeba mlango huo na viunga vyake viwili vifupi. Fundi akikata kwa kukisia, utanunua la nne. Utanunua la nne pia kama mabomba ya dukani yana mita 5.8, jambo la kawaida, kwa hiyo yapime kabla hayajapakiwa.

Wavu nunua wa upana wa futi 4, urefu mita 5. Kuta nne zinakula sentimita 360, paa 60, sakafu 60, jumla 480. Kipande kinachotolewa ukutani ndicho kinachoziba mlango. Waya wa kuku wa matundu ya pembe sita usikubali hata ukipewa bure: ni mwembamba, cherero hukata, na panya hupita.

Sasa zinki, maana hapa ndipo tundu la fundi linapoweza kuua. Wavu karibu wote wa madukani umepakwa zinki, na ndege wa jamii ya kasuku hupanda ukuta kwa mdomo, wakilamba na kukwangua kila hatua. Zinki ikimjaa mwilini hutapika, hunya majimaji ya kijani, huyumba kwenye kijiti, na mwisho hupigwa na kifafa. Dukani, shika wavu na uangalie makutano ya waya kwa karibu. Ukiona vidoti vyeusi au vya kahawia kila panapokutana waya mbili, wavu huo ulipakwa zinki kwanza ukachomelewa baadaye, na kutu itaanzia hapo. Ukiona makutano yamefunikwa laini, rangi moja na waya wenyewe, ulichovywa baada ya kuchomelewa. Chukua huo, lakini upitishe kiganja: matone yaliyoganda na vichomozi vya zinki ndivyo ndege huvimega na kuvimeza. Vikwangue kwa tupa. Kisha changanya siki na maji nusu kwa nusu, sugua pande zote mbili kwa brashi ngumu mpaka ule unga mweupe uishe, suuza kwa maji mengi, uanike nje wiki kadhaa upigwe na jua na mvua. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi yote. Chuma cha pua ndicho salama kabisa, lakini bei yake huwafukuza wengi.

Fundi atataka kuuchomelea wavu moja kwa moja kwenye fremu kwa sababu ni haraka. Mkatalie. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe ambao humtia yeye mwenyewe homa usiku, na kila tone la moto linaacha doa lisilo na kinga. Achomelee fremu peke yake, aipake rangi isiyo na risasi, iachwe mpaka harufu iishe, ndipo wavu ufungwe kwa ndani ya fremu, ukibanwa na flatibaa (vipande bapa vya chuma) na riveti kila sentimita 15. Flatibaa inafunika ncha za waya zilizokatwa, ambazo zikiachwa wazi huchana macho na mbawa. Wavu ukiwa ndani, ndege pia hawafikii rangi wala hawapati ukingo wa kurundika kinyesi.

Mlango mkubwa uwekwe chini. Ndege akiogopa hukimbilia juu, na mlango ulio juu ni kumfungulia njia. Ongeza vimilango viwili vya 15 kwa 15 vya vyombo vya chakula, vyenye bawaba za ubavuni na komeo, si vya kuinua. Trei ya bati ikae sentimita 5 chini ya wavu wa sakafu, ukingo wake ukunjwe juu sentimita 4, na ivutwe kutoka upande ambao hautaegemea ukuta. Linaonekana jambo dogo, lakini mafundi huligeuza mara nyingi kuliko unavyodhani. Tandika gazeti na ulibadilishe kila siku. Pumba za mpunga na vumbi la mbao kwenye unyevu wa pwani huota ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni mwa ndege.

Vijiti vya kutulia vikate mwenyewe: matawi ya mpera ni magumu na hudumu, ya mvinje ni mazuri pia. Kwa baji chagua unene kati ya sentimita 1 na 1.5, usio sawa mwanzo hadi mwisho, vidole vizunguke kiasi cha robo tatu. Usiguse mparachichi, mwoleanda wala mnyaa wa uani wenye utomvu mweupe. Visugue, vikaushe juani, uvifunge kwa bolti na washa pana. Viwili vikuu viwe kila kimoja sentimita 20 kutoka ukuta wa ubavuni, ili mkia usisugue wavu na katikati pabaki sentimita 80 tupu za kuruka. Watu hujaza nafasi hiyo bembea na kengele, halafu wanalalamika ndege hawaruki. Vyombo vya maji visikae chini ya kijiti chochote. Mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi, unaookotwa ufukweni unafaa kwa madini. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili tatu ukiyabadilisha, uanike, ndipo uutundike.

Mahali pa kuliweka: upande mmoja au pande mbili zielekee ukuta, kijiti cha juu kiwe usawa wa macho yako, mbali na jiko. Kikaangio kisichogandisha kikiachwa motoni hadi kipate moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache, wakati binadamu hajahisi lolote. Moshi wa mkaa, koili ya mbu, dawa ya kupuliza na chetezo cha udi vyote ni vya chumba kingine. Nyumba nyingi za pwani hapo panakuwa na mjadala, lakini mapafu ya ndege hayana mjadala.

Ukiliweka barazani, ziba nusu ya paa wapate kivuli. Ndege anayehema mdomo wazi na mbawa zimeachana na mwili amezidiwa na joto. Kwa Dar, Mombasa na Unguja hesabu pia kunguru wa India, ambao hung'ang'ania ukutani na kuvuta miguu ya ndege kupitia wavu. Usiku huja zamu ya panya, paka na komba. Dawa yake ni wavu wa pili nje, sentimita 5 hadi 7 kutoka wa kwanza. Kwa siafu, kila mguu usimame ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo ya kupikia juu yake, na tundu lisiguse ukuta, pazia wala tawi. Kwa la boksi, magurudumu yatoke kwanza.

Alama zetu: la boksi 6 kati ya 10. Linafaa nyumba ya kupanga, baji wawili, mtu anayehama mara kwa mara, maana linafunguka na kubebeka. La fundi 8, kwa baji wanne hadi sita au jozi moja ya cherero, ikiwa zinki imeshughulikiwa. Isiposhughulikiwa tunalipatia alama 3, hata kama limepakwa rangi ya dhahabu. Cherero na baji usiwachanganye katika tundu lolote, kubwa kiasi gani, kwa sababu cherero hung'ata vidole vya wenzake hadi kuvikata. Na cherero wenyewe nunua waliozaliwa kwa wafugaji. Wale wa Fischer na wenye ukosi wa manjano asili yao ni Tanzania, na kuwakamata porini bila leseni ni kosa.

Mwezi wa kwanza ukiisha, rudia skrubu zote za la boksi, kwani hulegea kwa mitikisiko ya milango. La fundi kagua riveti za sakafuni na kona za trei. Kutu ya kwanza huonekana hapo.