Darajani, Unguja: soko la mwenye kupika

Naishi Dar, na kila nikivuka kwenda Unguja, asubuhi yangu ya kwanza ni ya Darajani. Safari hii niliingia saa moja, kikapu cha ukindu mkononi, na nawasihi nanyi muwahi hivyo hivyo. Kufika saa nne joto la ndani limeshapanda na samaki wazuri wameshapata wenyewe.

Jengo ni la mwaka 1904, refu, kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu. Jina limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Maji yalifukiwa zamani. Leo ni barabara na daladala.

Kinachonivuta hasa ni samaki. Mnadani changu na tasi wako kwenye mitungo, jodari kalazwa peke yake, na bei inapanda kabla hujakohoa. Wanaonunua pale wengi ni wachuuzi. Wewe unayetafuta kitoweo cha nyumbani subiri, kisha ununue mezani. Nilimfunua nguru mmoja shavu, nikakuta wekundu mbichi kabisa, nikakatiwa vipande papo hapo. Vaeni viatu visivyoteleza, maana sakafu ina maji.

Kwenye viungo, watalii husimama penye vipakiti vilivyopambwa. Ni zawadi nzuri, ila kwa jikoni nendeni kwa wanaopima kwa mizani. Nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, akanimiminia iliki kiganjani: "Nusa kwanza mwanangu, pesa baadaye." Karafuu ibonyeze kwa kucha, ikitoa mafuta, chukua. Kungumanga nilinunua nzima, na basibasi, ganda lake la ndani, kando, kwa sababu iliyosagwa haikai na harufu. Na zafarani ni ghali popote duniani: ukipewa mfuko mkubwa kwa pesa ndogo, jua hiyo ni kitu kingine, kitaipa pilau rangi tu.

Wageni wanapendezwa sana na mahali hapa, nami nafurahi kuwaona. Wafunike mabega, na waombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Wenyeji wako kazini.

Bei jadilini kwa upole, baada ya salamu. Mkija Ijumaa, malizeni manunuzi mapema, kwani ikikaribia sala ya adhuhuri wauzaji wengi hufunga.