Kitengo cha dawa za majaribio: nyota nne, na neno moja la kurekebisha

Nimempeleka dada yangu mkubwa mara nne kwenye kitengo cha utafiti cha hospitali moja hapa Nairobi. Ana saratani ya mapafu iliyosambaa, na sigara hajawahi kuionja. Jeni yake ya EGFR ina hitilafu, na vidonge alivyoandikiwa mwanzo viliacha kumsaidia.

Nyota zote nne ni za sista aliyetupokea. Alivuta kiti karibu na dada, akamchorea kengele ya lango nyuma ya bahasha. EGFR yake ni kitufe kilichokwama, akasema. Kengele inalia usiku kucha na seli zinazidi kuzaana. Dawa imetengenezwa kukizima kitufe hicho.

"Kwa hivyo nitapona?" dada akauliza.

"Mama, awamu hii ya kwanza tunatafuta dozi ambayo mwili unaweza kuhimili. Ukipata nafuu tutafurahi sana, lakini siwezi kukuahidi."

Baada ya miezi ya kuambiwa "tuombe Mungu" kila mahali, jibu hilo lilitutuliza. Glivec, anayoimeza jirani yetu kwa saratani ya damu, ilianza vivyo hivyo kule Marekani mwaka 1998: wagonjwa wachache, dozi ikipandishwa polepole. Mwaka 2001 ikaidhinishwa.

Unayejiandaa kwenda, fuatilia mapema kile kipande cha nyama kilichotolewa wakati wa biopsi, kimehifadhiwa ndani ya nta. Sisi tulikisaka siku 16 kwenye maabara ya kwanza, na jeni ilipaswa kupimwa kutoka humo.

Nyota moja nimeiondoa kwa ajili ya fomu ya ridhaa. Ukurasa wa 9 umeandikwa: "Kipimo kitaongezwa kwa kila kundi la watu watatu." Dada alielewa kwamba atatolewa damu zaidi, akageuza ukurasa. Kumbe ni dozi! Watatu wanaanza na kidogo, wanaangaliwa wiki tatu, wakivumilia vizuri watatu wanaofuata wanapewa kubwa zaidi. Hapo ndipo penye hatari yenyewe, na mgonjwa anapapita akidhani ni habari za sindano ya maabara.

Sista alisema hawezi kufuta neno kwa kalamu, mabadiliko lazima yapitie kamati ya maadili. Basi yapelekwe. Dada alitia sahihi Jumanne, baada ya kuuliza yuko kundi la ngapi. Ni la pili.