Mvinyo mwekundu wa kununua Dar kwa mlo wa jioni: wa kwanza hadi wa saba

Lebo nyingi za mvinyo mwekundu husema unywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, chenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Sinza saa mbili usiku mwezi wa Februari inaweza kuwa na nyuzi 29 hata feni ikizunguka. Kwa joto hilo kilevi hupanda puani, harufu ya matunda hufifia, na chupa nzuri huonekana mbovu. Kwa hiyo mvinyo wa kununua hapa ni ule unaokubali kupozwa, na kinachoamua hilo kuliko kingine chochote ni tanini.

Tanini ndiyo inayoleta ukakasi unaokausha ulimi. Aliyewahi kula bibo la korosho anaujua, na aliyekunywa chai ya rangi iliyochemka mno pia anaujua. Hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwenye mapipa ya mwaloni. Hushikana na protini za mate, ndiyo maana mdomo hukauka. Ubaridi huuzidisha ukakasi huo, na pilipili huufanya ukwaruze zaidi. Kilevi nacho huchochea mwasho wa pilipili. Basi kwa meza yenye kachumbari, pilipili mbuzi na viungo vya pilau, tafuta tanini laini na kilevi cha asilimia 12.5 hadi 13.5. Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho kwanza, kisha kwa urahisi wa kuipata chupa ikiwa bado nzima.

1. Merlot changa ya Afrika Kusini au Chile

Ndiyo ya kuanzia, na kwa nyumba nyingi ndiyo ya kubaki nayo. Tanini zake ni laini, ladha yake inakaribia plamu za Lushoto zilizoiva, na haiharibiki ikipozwa hadi nyuzi 14 au 15. Inakaa vizuri na pilau ya ng'ombe, ndizi nyama, na rosti ya kuku yenye nyanya. Chagua iliyovunwa miaka miwili au mitatu iliyopita, yenye kifuniko cha bati cha kuzungusha. Kasoro yake ni kwamba za bei ya chini kabisa huachiwa sukari kidogo ili kuficha wepesi wake. Ukihisi utamu unaobaki kwenye ulimi baada ya kumeza, chupa ijayo panda bei hatua moja.

2. Shiraz, au Syrah kama Wafaransa wanavyoiita

Kama mlo wenyewe ni pilau au biriani, ipandishe hadi namba moja. Ndani ya zabibu hizi kuna kemikali iitwayo rotundoni, ileile inayoipa pilipili manga harufu yake, kwa hiyo pilau na glasi huzungumza lugha moja. Mishkaki iliyolowekwa tangawizi na kitunguu saumu nayo inaikubali. Tatizo ni kilevi: Shiraz nyingi za nchi zenye jua kali hufika asilimia 14.5. Soma namba nyuma ya chupa kabla ya kwenda kulipa. Ikizidi 14, irudishe rafuni, labda kama mlo hauna pilipili kabisa.

3. Pinotage

Hii ni zabibu ya Afrika Kusini kweli. Mwaka 1925 Abraham Perold wa Stellenbosch alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati huo huko iliitwa Hermitage, na jina likatokana na hizo mbili. Ina harufu ya moshi na matunda meusi, na hakuna nyekundu inayoelewana na mkaa kama hii. Mbuzi choma, mbavu za ng'ombe, kitimoto cha kukaanga na ndizi: yote mezani kwake. Imeshuka hadi namba tatu kwa sababu inatofautiana sana. Ikitengenezwa ovyo hunuka asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, au mpira ulioungua. Zile zinazonadiwa kwa ladha ya kahawa hupata ladha hiyo kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa sana, na kahawa hiyo hufunika chakula.

4. Nyekundu kavu ya Dodoma

Dodoma iko juu ya mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, ina ukame mrefu, na mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu inayojulikana zaidi ni Makutupora Red, yenye jina la eneo la kituo cha utafiti, na Syrah pia hulimwa. Faida yake kubwa kwa mnunuzi wa Dar ni safari fupi. Chupa haikukaa kwenye kontena la bati wiki kadhaa, imeshuka kwa barabara tu.

Tungeipa nafasi ya juu zaidi kama lebo zingesema mambo waziwazi. Chupa nyingi hazina mwaka wa mavuno, na rafu moja huchanganya mvinyo mkavu, mtamu na ulioongezewa spiriti. Kilevi kikiwa asilimia 16 au zaidi, hiyo si ya kunywa na chakula kwa glasi kubwa, ni ya kumalizia mlo kwa kipimo kidogo. Tafuta neno Dry, kilevi kisichozidi 13, na umuulize mwenye duka shehena iliingia lini. Ni ya kunywa ndani ya miezi, si ya kuhifadhi. Nyama ya mbuzi kwa ugali ndiyo mwenzake.

5. Malbec ya Argentina

Nzuri sana kwa stiki nene na nyama choma yenye chumvi tu. Mendoza, inakotoka kwa wingi, ipo chini ya milima ya Andes, na usiku wa baridi wa mwinuko huo hulinda uchachu wa zabibu. Hapa mjini haipatikani kila duka, na mara nyingi huuzwa juu ya Merlot ya ubora uleule.

6. Cabernet Sauvignon

Hii ndiyo watu wengi hununua kwa zawadi, na ndiyo inayogombana na chakula chetu kuliko zote zilizo kavu. Tanini zake ni kali. Ukiipoza huwa kama bibo bichi, ukiiacha ya moto hunuka kilevi. Inahitaji nyama yenye mafuta na chumvi ya kutosha, kwa sababu tanini hushika protini za nyama badala ya mate, na chumvi hupunguza uchungu. Mbavu za ng'ombe bila pilipili zinaifaa. Ifungue saa moja kabla, imimine kwenye jagi pana, na isishuke chini ya nyuzi 16.

7. Nyekundu tamu

Ndizo zinazotoka haraka madukani, za chupa na za boksi, na lebo huandika Natural Sweet au Sweet Red. Ziko mwisho kwa sababu sukari hufunika iliki, mdalasini na karafuu zote alizohangaika nazo mpishi. Lakini haki itendeke: sukari hutuliza pilipili kuliko mvinyo wowote mkavu. Kwa kuku wa kuchoma aliyepakwa pilipili nyingi, tamu iliyopozwa hadi nyuzi 8 au 10 inashinda Cabernet ya bei mara tatu.

Nje ya orodha kuna Beaujolais ya Ufaransa, inayotokana na zabibu ya Gamay, na Cinsaut ya Afrika Kusini. Zote ni nyepesi, hazina ukakasi mwingi, na hunywewa baridi. Zingekuwa juu ya Merlot kama zingepatikana kwa uhakika. Ukizikuta, chukua mbili.

Samaki

Samaki ndiye anayewaumbua wanunuzi wengi. Mvinyo mwekundu huwa na chembe za madini ya chuma, na chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki huzalisha harufu kali ya shombo inayobaki mdomoni. Vibua, jodari na dagaa ndio wabaya zaidi kwa sababu wana mafuta mengi. Hakuna bei ya chupa inayotibu jambo hili. Changu wa kuchoma mwenye nyama nyeupe anaweza kwenda na nyekundu nyepesi iliyopozwa hadi nyuzi 12, hasa akiwa na ndimu na mkaa umeshika ngozi. Samaki wa kupaka na pweza wa nazi ni habari nyingine: tui linataka uchachu, si ukakasi. Hapo Merlot laini ndiyo mwisho wa uwezo wa nyekundu, na mvinyo mweupe ungefanya kazi bora.

Kuikagua chupa dukani

Joto ndilo linaloua mvinyo Dar kuliko uzee. Duka likizima kiyoyozi saa tatu usiku na kukiwasha saa tatu asubuhi, kila chupa hutanuka na kusinyaa kila siku. Kwenye grosari ambayo rafu inatazama dirisha la magharibi hali ni mbaya zaidi. Chupa za juu kabisa, karibu na dari na taa, zimepata joto jingi kuliko za chini. Chukua za rafu ya chini, za nyuma.

Kisha ishike. Kama ina kizibo, pitisha kidole juu ya mdomo: kizibo kilichosukumwa juu au mabaki ya mvinyo yaliyokauka chini ya foili ni dalili kwamba ilichemka. Inyanyue uangalie usawa wake. Mvinyo ulioshuka kutoka shingoni hadi kwenye bega la chupa umepitisha hewa. Ukifungua nyumbani ukasikia harufu ya boksi lililoloa maji, hilo ni kosa la kizibo, na duka makini hubadilisha ukirudisha na risiti. Kifuniko cha kuzungusha huondoa tatizo hilo karibu lote. Kwa mvinyo wa kunywa mwaka huu hakuna sababu ya kukidharau.

Angalia pia stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kutumika kwenye mvinyo mwaka 2019. Unaweza kuisoma kwa simu kwa programu ya Hakiki Stempu. Chupa isiyo na stempu iliingia kwa njia nyingine, na hakuna ajuaye imekaa juani muda gani.

Kwa bei, piga hesabu ya glasi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Boksi la lita 5 ni sawa na chupa sita na nusu na kitu, na mfuko wake husinyaa ukimimina, kwa hiyo hukaa wiki tatu hadi nne kwenye friji baada ya kufunguliwa. Kwa anayekunywa glasi moja na mlo, boksi la mvinyo mkavu huharibika polepole kuliko chupa.

Kuonja nyumbani kabla ya kuamua

Watu wanne, chupa tatu. Chupa tatu za zabibu moja kutoka nchi tatu hufundisha zaidi kuliko zabibu tatu tofauti, ila kama ndiyo mara ya kwanza, chukua Merlot, Shiraz na Pinotage.

Ushauri wa kuweka chupa kwenye friji nusu saa ni wa nchi za baridi. Kutoka nyuzi 29, chupa inahitaji saa moja na nusu kufika 16. Njia ya haraka ni ndoo yenye maji na barafu nusu kwa nusu, dakika 12 hadi 15. Barafu bila maji ni polepole, kwa sababu hewa iliyo katikati ya vipande haipitishi joto vizuri. Umeme ukikatika, kitambaa kilicholowa na feni ya betri husaidia kidogo tu, kwa hiyo weka barafu akiba.

Usichome udi wala dawa ya mbu chumbani, na manukato yaachwe kwa saa hiyo. Funika chupa kwa gazeti, ziandike namba, na mimina mililita 50 kila moja, nyepesi kwanza, nzito mwisho. Glasi ijae robo tu ili harufu ipate nafasi. Nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena, kisha shika funda mdomoni sekunde tano. Andika mambo matatu: ukakasi uko kiasi gani, uchachu unakufanya utoe mate kiasi gani, na ladha imebaki muda gani baada ya kumeza. Mkate mweupe na maji vitoshe katikati. Jibini na karanga zisubiri, kwa kuwa mafuta na chumvi hufanya kila chupa ionekane bora kuliko ilivyo.

Kwa vipimo hivyo kila mtu amekunywa mililita 150, na kila chupa bado ina 550. Sasa leta chakula na uonje tena kila namba pamoja na tonge la pilau, kwanza bila pilipili, kisha na kachumbari. Mara nyingi chupa iliyoshinda bila chakula hushindwa hapa. Inayoshinda na chakula ndiyo ya kununua tena.

Zilizobaki zifunge na ziweke friji usiku huohuo, hata nyekundu. Zitakaa siku mbili hadi tatu. Ikianza kunukia siki, imimine kwenye rosti ya nyama wakati vitunguu vimeshakuwa vya kahawia, kabla ya nyanya, na uache ichemke dakika tano bila mfuniko.