TAHADHARI: "Epoksi ya ndege" ya bei nafuu Nairobi, hadina yake ni thina tupu

Wajenzi wa ndege wenzangu, msinunue ile praima (rangi ya kwanza ya kukinga kutu) ya kijani inayouzwa Nairobi kwa jina la "epoksi ya ndege", kopo la lita 4 na hadina (kigandisho cha kuchanganya nayo) ya lita 1. Si epoksi. Ni rangi ya magari inayokauka kwa hewa, imetiwa kijani, na kopo la hadina lina thina. Bandua lebo ya hadina taratibu utakuta chini yake lebo ya thina, nzima kabisa. Huo ni wizi wa makusudi!

Muuzaji alivyoiuza ndivyo kunavyouma. Kopo lilitoka chini ya kaunta. Akalifungua kwa bisibisi, akakoroga mpaka uzito uliotulia chini ukapanda, akaonyesha kijani kile kile ambacho yeyote aliyefungua bawa la Cessna ya zamani anakijua. Akaweka kando karatasi ya maelekezo iliyochapwa vizuri: MIL-PRF-23377 (kiwango cha jeshi la Marekani cha praima ya epoksi), sehemu 4 kwa 1, subiri dakika 30 kabla ya kupuliza. Halafu akauliza mwenyewe, bila kuongozwa: "Ni kromoli 4130 ama ni alumini?" Kromoli 4130 ndicho chuma cha mabomba ya fremu za ndege. Muuzaji akikuuliza hivyo, nani atamshuku? Pesa ikaenda kwa M-Pesa, namba ya mtu, si till ya duka. Risiti ikawa "kesho".

Na wale wanaosema tulikosea kufuata bei rahisi, wasikie. Si lazima ununue rangi yenye jina la ndege. Epoksi halisi ya vijenzi viwili (rangi na hadina), ya magari au ya viwandani, inashika vizuri kwenye fremu ya 4130 iliyopigwa mchanga na kupuliziwa siku hiyo hiyo kabla kutu haijaanza. Hata alumini ya 6061-T6 inaipokea, mradi uondoe mafuta, uikwaruze kwa pedi ya Scotch-Brite nyekundu (steel wool kamwe, vipande vyake hubaki na kuanzisha kutu), kisha umwagie maji uone yanatanda bila kukatika. Bei nafuu haikuwa kosa. Kosa ni lake.

Kwa nini vijenzi viwili? Kwa sababu ya kitambaa kinachogundishwa kufunika fremu ya ndege. Gundi ya kitambaa ya Poly-Fiber ina MEK, kiyeyushi kikali, na MEK huyeyusha praima yoyote ambayo haijafungwa na hadina. Ndivyo ilivyokuwa kwenye fremu yetu iliyopuliziwa rangi hii: gundi ilipopakwa kwenye bomba la chini, brashi ikarudi ya kijani, chuma kikabaki wazi. Gundi ingekaa juu ya rangi iliyoyeyuka, si juu ya chuma, na kitambaa kinachovutwa kwa pasi kingeachia hapo hapo. Kitambaa chote kimebanduliwa, na fremu inarudi kupigwa mchanga upya. Fikiria ingegunduliwa hewani! Mtu huyu hauzi rangi ya geti. Anajua fika inakwenda kwenye ndege. Afungwe, duka lifungwe, na alipe kitambaa, gundi na kazi ya mchanga. Sheria ya bidhaa bandia ipo tangu 2008 na mamlaka yake ipo, wamfuate.

Dalili? Zilikuwepo. Rangi ilikauka kwa kugusa ndani ya robo saa. Epoksi nyingi hazina haraka hiyo. Hadina yake ni nyepesi kama maji na inanuka thina, wakati hadina za epoksi nyingi ni nzitonzito na zina harufu ya amonia au samaki. Dondosha hadina kidogo kwenye kioo, uiache usiku kucha: thina hupotea yote, hadina huacha unato. Bora zaidi, changanya vijiko vichache kwenye kikombe uache mpaka kesho yake. Ya kweli huganda, ya huyu mwizi bado inakorogeka. Namba ya toleo kwenye kopo la rangi haikuandikwa popote kwenye hadina. Na M-Pesa ya mtu binafsi, jamani.

Aliyekwisha kupuliza asifunike kitu. Subiri wiki 2, kisha sugua kwa kitambaa chenye MEK mara 50 kwenda na kurudi, glavu mkononi na dirisha wazi. Epoksi iliyokomaa haitoki. Hii inatoka kwenye msuguo wa tatu. Ikitoka, usiipake epoksi nyingine juu. Ondoa yote mpaka chuma. Kwenye alumini nyembamba tumia dawa ya kubandua rangi isiyo na tindikali, usipige mchanga, bati litapinda.

Mwenye kopo lake asilitupe, hata likiwa tupu. Piga picha lebo zote mbili, ya juu na ya chini, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Makopo mawili yameshakabidhiwa na yanahitajika mengine ili asije kudai ni bahati mbaya ya mzigo mmoja.