Mbegu za nyasi za kienyeji: nyasi tamu, paketi ndo shida

Nyasi zenyewe nazipa nyota 5, paketi naipa 2. Nilichukua kilo 3 kwa agroveti moja huku upande wa Kibwezi, kilo moja ya ndata kivumbu, moja ya mbeetua na moja ya nguu, shilingi 1,200 kila kilo, na hayo majina ya Kikamba ndo yalikuwa yameandikwa na peni juu ya karatasi ya khaki, basi, hakuna tarehe ya kuvunwa wala asilimia ya kuota. Kwa mbegu zingine ungesema si neno, lakini kwa hizi hiyo tarehe ndo kila kitu, juu ndata kivumbu, ile wataalamu wanaita Cenchrus ciliaris, ikivunwa leo inalala kwanza, inataka ikae stoo miezi 6 mpaka 12 ndo iamke vizuri. Na KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wako tu hapo Kiboko wamezifanyia utafiti hizi nyasi miaka mingi, kwa hivyo si eti maarifa iko mbali.

Mimi msimu wa kwanza nilichezwa, nilinunua kwa jamaa wa pikipiki aliyekuwa na gunia, bei ya kutupa, nikamwaga shambani, mvua ikanyesha ikaisha nikabaki naangalia mchanga mwekundu. Safari hii nikafanya vile mama mmoja wa kikundi chetu alinionyesha: unashika konzi moja, unasugua katikati ya viganja, unapuliza polepole makapi yaende, alafu unaangalia punje zimebaki ngapi. Kama ni manyoya matupu rudisha hapo hapo kaunta, usione haya. Nguu ilikuwa imejaa. Ndata kivumbu ilikuwa nusu nusu, nikachukua mbegu 100 nikaziweka kwa sahani na tishu yenye maji, siku ya 10 zilikuwa zimeota 23 tu, na nguu siku ya 5 ilikuwa tayari imetoa kijani.

Kupanda sio ngumu ila usipande kama mahindi. Nililima na ng'ombe mifereji inayokatiza mteremko, maana udongo wa huku ukishashika ngozi juu maji yote yanakimbia tu, nikapanda kukiwa bado kukavu kungoja mvua ya mwezi wa 11 ambayo ndo ya kutegemea Ukambani. Usifukie, sentimita 1 inatosha, mimi nilivuta tu tawi la mgunga juu yake. Sasa hiyo ndata kivumbu ina nywele, inashikana kama pamba, unarusha na haitoki mkononi, ingine yote ikaenda kwa sweta yangu mpaka nikaichanganya na samadi kavu iliyosagika ndo ikakubali kushuka. Na usiipande mahali maji yanatuama, itaoza.

Mwaka wa kwanza sikuingiza mifugo mpaka zikatoa mbegu zikaangusha, hapo ilibidi nigombane na mbuzi wa watu kila siku lakini ilisaidia. Sasa ni mwaka wa pili, kiangazi hiki kila kitu kimekauka na ukifunua shina la ndata kivumbu chini bado kuna kijani, mizizi yake inaweza kupita mita 2 kwenda chini. Ng'ombe wangu wanaanza na mbeetua kila mara. Nguu wanaiacha mwisho ikishakomaa, mabua ni magumu, hiyo naikata naweka akiba.

Kuna kitu kilinichekesha, kule Arizona hii hii ndata kivumbu ilipelekwa kama malisho, leo wanaing'oa jangwani kwa mkono kwa sababu inashika moto inachoma yale makaktasi yao makubwa. Huku ni kwao, mchwa na ng'ombe wanaiweka mahali pake.

Juzi nimerudi kwa agroveti kuongeza kilo 2. Nikamuuliza zilivunwa lini, akanijibu na fahari kabisa, "Hizi ni freshi mzee, za wiki iliyopita!" Nimezichukua, ziko stoo, tarehe nimeandika mwenyewe.