Kidonge cha kila siku au sindano ya wiki kadhaa: dawa za skizofrenia gerezani

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili, na dawa zake mbili ni olanzapini na flufenazini. Olanzapini ya vidonge humezwa kila siku. Flufenazini ya sindano, iliyochanganywa na mafuta ya ufuta, huchomwa msulini kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Gerezani tofauti hiyo ni kubwa mno. Mfungwa anafungua kinywa mbele ya muuguzi, anainua ulimi, na bado kidonge kinaweza kubaki kimejibana shavuni. Baadaye kitauzwa, au mnyonge atanyang'anywa na wababe wa selo. Sindano hainyang'anywi. Tena, anayeachiwa ghafla mahakamani hutoka na dawa bado mwilini, akapata muda wa kutafuta kliniki.

Lakini dawa ya sindano ikishaingia haitoki. Mgonjwa akikakamaa misuli kwa madhara ya dawa, au akakosa utulivu hata wa kukaa kitako, anaweza kuteseka kwa wiki kadhaa. Kidonge kingesimamishwa siku hiyo hiyo.

Mimi naiunga mkono sindano kwa mgonjwa aliyeelezwa vizuri akakubali mwenyewe. Kumchoma ili tu askari wapate usiku wa kimya, hapana. Kanuni za Mandela za 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, katika kanuni ya 32 zinataka ridhaa ya mfungwa kuhusu afya yake iheshimiwe.