Makumbusho ya Vatican kwa Ziara ya Kundi

Ziara ya kundi niliyoilipia mjini Roma ilitimiza ahadi yake kuu: tuliingia Makumbusho ya Vatican bila kupanga foleni ndefu iliyouzunguka ukuta. Ndani ilikuwa kusukumana tu, kwani hata katika Ukumbi wa Ramani, uliopambwa kwa ramani za Italia za karne ya 16, msongamano haukuturuhusu kusimama, na visikizi vilikwaruza kila kiongozi wetu alipotuacha nyuma. Kwa kuwa viongozi hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani ya Kikanisa cha Sistina, alitueleza mapema, uani, mbele ya mabango yenye picha, jinsi msanii Michelangelo alivyoichora dari ya kikanisa hicho kati ya 1508 na 1512. Maelezo hayo, kwa kweli, ndiyo yaliyostahili fedha yangu. Wenye wazee au watoto wachague kundi dogo, ijapokuwa bei yake ni ya juu.